Chokaa na Rangi: Mapambo ya Vyumba vya Nyumba Zetu

Mwezi wa Shaabani unapoingia, hapa kwetu Kilosa watu huanza kuulizana bei ya chokaa. Ni desturi ya tangu zama za wazee wetu kwamba Ramadhani isiikute nyumba na masizi ya mwaka mzima, na hata mwenye nyumba ya fito na udongo hukoroga ndoo yake akazipiga kuta mkono mmoja kabla mwezi haujaandama. Katika siku hizo, Shaabani iliyopita, tuliletewa habari kutoka Mikumi kwamba mpwa wetu na mkewe, waliooana kwa miezi minne tu, hawasemezani vizuri, na sababu yake ni rangi ya chumba.

Msomaji asicheke. Sisi nasi tulicheka kwanza, kisha tukapanda gari. Njia yetu hupitia Ulaya (Ulaya yetu hii ya wilayani, si ile ya Wazungu), na barabara ile ikinyesha ni tope, isiponyesha ni vumbi. Tulifika kanzu yetu imekwisha kupakwa rangi pasipo fundi.

Tulimkuta kijana amekipaka chumba chao cha kulala rangi nyekundu ya mafuta, ukuta kwa ukuta, na mstari mweupe umezunguka juu karibu na bati. Hakuna Mtanzania asiyejua maana ya nyekundu na nyeupe zikikaa pamoja: ni Simba. Mkewe ametoka Morogoro mjini, katika nyumba ambayo watu wake wote, wake kwa waume, ni Yanga. Hapo ndipo jirani walipoanzia hadithi yao, wakasema ndoa imeingiliwa na mpira. Lakini binti yule alipotuamkia na kutuwekea maji ya kunywa, tulimwuliza kwa upole, naye akajibu: "Mjomba, mimi sina ugomvi na mpira. Mle ndani silali."

Tuliingia kutazama saa tisa alasiri. Chumba kina dirisha moja, nalo latazama magharibi. Jua lilipoingia likaupiga ukuta wa pili, chumba chote kikawaka kama tanuri la matofali, hata nyuso zetu na shuka za kitanda zikageuka nyekundu. Hatusemi kwamba rangi ya ukuta wa ndani ndiyo iletayo joto. Joto la chumba kile latoka juu, kwenye bati lisilo na dari. Lakini jicho nalo husikia joto, na mtu aliyelala katika wekundu ule, tena binti tuliyekwisha kuambiwa kwamba ana mimba changa, hawezi kupumzika.

Kijana naye alikuwa na hoja yake, nayo hatukuiona ndogo. Yeye ni mfanyakazi katika hoteli moja ya wageni kando ya barabara kuu. Kutwa hutandika vitanda vya watu wengine katika vyumba vilivyopambwa na watu wengine. Amelelewa kwa bibi yake, wakilala watoto watano katika chumba kimoja. Alituambia, "Mjomba, tangu nizaliwe sijapata kuwa na ukuta wangu mwenyewe." Neno hilo lilitunyamazisha. Kupenda kuipamba nyumba si ubatili. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya An-Nahl kwamba yeye ndiye aliyezifanya nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, akatupa na sufi na manyoya tutengenezee vyombo vyake. Na katika Sura ya Al-Aaraf ameuliza ni nani aliyeharimisha mapambo aliyowatolea waja wake, baada ya kuwaonya wasifanye israfu. Basi pambo si dhambi. Swali lililobaki ni pambo gani, katika chumba gani, na kwa faida ya nani.

Tungaliweza kumhukumu kijana palepale, lakini ulimi wetu ulikuwa mzito, maana sisi wenyewe tulikwisha kukosa kosa lile, tena kubwa kuliko lake.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa twamwoza binti yetu mkubwa. Nyumba yetu ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi hapa mjini: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma. Kuta ni za matofali ya kuchoma, na kwa miaka yote hazikujua kitu ila chokaa. Tuliona haya. Tulisema, wakwe watakuja na nguo zao nzuri, mtu ataegemea ukuta, atainuka na mgongo mweupe. Tukamwita fundi, tukamwambia atupigie ukumbi rangi ya mafuta ya kijani iliyokolea, na sakafu ya saruji aipake nyekundu. Fedha zilizotumika zilikuwa shilingi laki tatu na nusu, nazo tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya bati za jiko la uani.

Mama watoto alisema neno moja: "Ukumbi huu hauna dirisha." Tukamjibu kwa maneno mengi, kwamba kijani ni rangi njema na kwamba hata makuba ya misikiti hupakwa kijani. Akanyamaza, kama wanyamazavyo wanawake wanapojua kwamba siku itawasemea.

Arusi ilipita kwa heri, wageni wakasifu. Masika yalipoanza ndipo tulipoiona nyumba yetu. Ukumbi ulikuwa giza mchana kutwa, taa ikawa yawaka tangu asubuhi, na umeme wa kununua ukawa waisha kabla ya siku zake. Hilo lilikuwa dogo. Mama yetu mzazi tunakaa naye. Umri wake umepita themanini, na jicho lake moja lina mtoto wa jicho. Zamani alikuwa akitembea nyumba nzima bila kushikwa mkono, nasi hatukujua kwa nini. Sababu yake ilikuwa chokaa. Kuta nyeupe zilimwonyesha milango kama vivuli vyeusi, na weupe wa ukuta ulipokoma alijua kwamba amefika kwenye daraja la kushukia uani. Sisi tulimfutia alama zake zote kwa siku mbili za fundi.

Alfajiri moja alikwenda kutawadha. Hakuliona daraja. Tulisikia kishindo, kisha birika likabiringika. Mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye kiwiko cha kiganja, na wiki sita alikula kwa mkono wa wajukuu zake. Hakutulaumu hata siku moja. Aliuliza swali tu, tulipokuwa tukimrudisha kutoka hospitali na kumwingiza ukumbini: "Mwanangu, nyumba mmeihamishia wapi?"

Tangu siku ile tumeuliza na kusoma habari za rangi kuliko habari ya kitu kingine chochote cha nyumba, nasi twaona haki ya wasomaji wetu kuambiwa tuliyoyapata.

La kwanza ni habari ya mwanga. Ukuta mweupe safi huurudisha chumbani mwanga mwingi unaouangukia, kiasi cha robo tatu au zaidi. Ukuta wa kijani au buluu iliyokolea huumeza karibu wote, ukarudisha sehemu ndogo sana. Kwa hiyo chumba chenye dirisha dogo, au kisichokuwa nalo, kikipakwa rangi nzito ni sawasawa na kuziba nusu ya dirisha. Rangi nyepesi kama nyeupe, ya maziwa, ya ganda la yai au ya majani mabichi sana hukifanya chumba kidogo kionekane kipana, na rangi nzito hukikaza. Dari, ikiwapo, na iwe nyeupe katika hali zote. Mwenye chumba kikubwa chenye madirisha mawili yupo huru zaidi, wala hatuna neno naye.

Twatazama pia jua linatoka wapi. Chumba kinachopokea jua la asubuhi hupendeza kwa rangi ya manjano hafifu. Kile cha magharibi, kama cha mpwa wetu, chataka rangi ya baridi, buluu hafifu au kijani hafifu, ili jicho lipate kupoa wakati ule mji wetu unapotoka jasho. Na anayetaka kupunguza joto lenyewe, si la jicho tu, basi aanzie nje: ukuta wa nje ulio mweupe, na bati lililopakwa rangi nyeupe, hulirudisha jua mbinguni kabla halijaingia ndani. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo pasipo kufundishwa na mtu.

Tumewataja wazee wa pwani, na hapa yafaa tukae kidogo, maana sisi watu wa bara la Kilosa tulipata chokaa na sura ya nyumba hizi kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Nyumba za mawe za Lamu na Pate, hasa zile za karne ya 18, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, maana upana wa chumba ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko, usiozidi sana mita tatu. Vyumba vya ndani kabisa vilikuwa mbali na mwanga. Wenyewe walifanya nini? Hawakupaka rangi nzito. Walipiga lipu ya chokaa laini, nyeupe pe, wakachonga katika lipu hiyohiyo zidaka, safu juu ya safu, ukuta mzima, na ndani ya zidaka wakaweka sahani na bakuli za kutoka China. Ukuta mmoja ukawa rafu, ukawa pambo, na vivuli vidogo vya zidaka vikampa jicho mahali pa kutembea, hata ukuta ukaonekana una kina. Kupenda sahani za China ukutani hakukuishia majumbani. Kule Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yapo makaburi ya zamani yenye nguzo zilizopambwa kwa bakuli hizo.

Twasema hayo kwa sababu kijana wa leo adhani kwamba urembo wa nyumba ni kitu kilichokuja na kalenda za maduka. Watu wetu walikuwa na kanuni zao, na kanuni hiyo ya ukuta mweupe wenye kitu kimoja kizuri juu yake haijapata kushindwa.

Na chokaa yenyewe ni kitu cha ajabu. Jiwe la chokaa au la matumbawe huchomwa kwa moto mkali mpaka hewa iliyomo ndani yake itoke. Jiwe lile likimwagiwa maji huchemka lenyewe na kuvunjika kuwa unga. Na unga ule ukipakwa ukutani hujirudishia hewa ileile kutoka katika anga, ukawa jiwe tena. Kwa hiyo mtu apakaye chokaa hapaki rangi, bali avika ukuta ngozi nyembamba ya jiwe. Ngozi hiyo hupumua: unyevu wa ukuta hupita na kutoka. Kisha ukali wa chokaa huua ukungu. Rangi ya mafuta huuziba ukuta, na unyevu ukipanda kutoka chini, kama upandavyo katika nyumba nyingi za hapa zilizojengwa bila msingi mzuri, hautoki. Husukuma rangi, rangi ikafura kama lengelenge, kisha ikabanduka vipande vipande. Ndivyo ulivyofanya ukumbi wetu kabla ya mwaka kwisha.

Watu wa Kilosa tulikwisha kufunzwa somo hilo kwa njia ngumu. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maji yakaingia mjini, na maelfu ya watu wakakosa makao. Maji yalipokupwa, waliobahatika kukuta kuta zao zimesimama waliziona zimechorwa mstari wa tope, kila nyumba kwa kimo chake. Tulitembelea nyumba nyingi siku zile. Kuta za chokaa zilikauka kwa miezi michache, zikapakwa tena, na mstari ukafunikwa. Kuta za rangi ya mafuta zilikaa na maji tumboni mwaka mzima, na harufu yake ilikuwa ya kaburi.

Kuna jambo jingine tuliloliona katika siku zile, nalo halijatutoka. Katika mahema waliyopewa watu, mama mmoja aliyekuwa amepoteza kila kitu isipokuwa bahasha ya vyeti na doti mbili za kanga, alizitundika kanga tatu kwa kamba katikati ya hema, akagawa mahali pa kulala wanawe wa kike na wa kiume, na ya nne akaitandika juu ya sanduku la msaada alilolifanya meza. Jua lilipopita katika kanga zile, hema nzima ilijaa maua. Watu walikuja kutazama. Asitokee mtu kutuambia kwamba mapambo ni ya wenye nacho.

Sasa turejee kwenye namna ya kupaka, maana wengi huiharibu chokaa wakasingizia chokaa. Ikorogwe mapema, ilale katika maji usiku mmoja au zaidi, kisha ichujwe kwa kitambaa. Iwe nyepesi kama maziwa, si nzito kama uji. Wengine hutia chumvi kidogo ili ishike. Ukuta upanguswe vumbi na kunyunyiziwa maji kwanza, maana ukuta mkavu huinyonya chokaa kabla haijageuka jiwe, ikabaki unga. Na huo unga ndio ushikao nguo za wakwe. Upake mikono mitatu au minne miembamba, kila mmoja ukauke kwanza, wala usipake jua likiwa juu ya ukuta. Mwenye kutaka rangi atie kidogo udongo mwekundu au wa manjano uliochekechwa, au unga wa rangi ya saruji, na chokaa itamtolea rangi hafifu iliyo laini kuliko ya kopo. Lakini watoto wawekwe mbali, maana chokaa huunguza. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi bila kukawia na mtu apelekwe hospitali.

Wala tusiwasahau mama zetu wa vijijini, ambao hawakununua hata kopo moja. Nyumba iliyokandikwa vizuri kwa udongo, ikasiribwa kwa udongo mweupe juu na mwekundu chini, na mpaka kati yake ukapita sawasawa kama uzi, ni nyumba ya kuheshimiwa. Ule wekundu wa chini una akili yake: mvua ikirusha matope, matope hayaonekani.

Hapa yapo mambo mawili yahusuyo rangi ya mafuta ambayo lazima tuyaseme hata kama yatawaudhi wenye maduka. Rangi nyingine za mafuta, hasa zile za kung'aa za manjano, machungwa na nyekundu, zimepata kutiwa madini ya risasi ili zikolee na kukauka upesi. Risasi ni sumu. Humdhuru mtoto katika ubongo wake, akawa mzito wa kushika masomo, na humdhuru mtoto aliye tumboni kwa njia ya mama yake. Na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa hakina madhara. Basi mnunuzi asome kopo, aulize, achague lile lililoandikwa kwamba halina risasi. La pili, rangi ya zamani isikwanguliwe kavu. Sisi ukumbi wetu tuliukwangua kavu, wajukuu wakicheza katika vumbi lake, mpaka bwana afya aliyepita akatukemea. Ukuta uloweshwe, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na wajawazito na watoto watoke nyumbani mpaka kazi iishe.

Kisha kuna habari ya picha, maana Mikumi ni mji wa wanyama. Mbuga ya Mikumi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Zambia hupita katikati yake. Kwa hiyo hoteli na maduka ya kando ya barabara yamejaa twiga na tembo ukutani. Nyingi ni picha za namna ile iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyechora kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya vipande vya ubao vya mraba. Yeye alifariki mwaka 1972, lakini jina lake limekuwa jina la sanaa nzima. Mpwa wetu alikuwa na picha moja ya chui, ameitundika mbele ya mahali anaposwalia mkewe.

Tulimwambia tunayoyafundisha madrasani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na pazia lenye picha, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akalichukia. Naye Bibi Aisha akalikata akalifanya mito ya kuegemea. Imepokewa pia kwamba Mtume alitaka pazia liondolewe kwa kuwa picha zake zilimshughulisha katika sala. Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya picha za vitu vyenye roho, na hapa si mahali pake. Twatazama jambo moja: Bibi Aisha hakukitupa kitambaa, alikigeuza. Nyumba ya Mtume haikupoteza pambo. Pambo lilibadili mahali. Yupo mwenye kuacha roho zote akabaki na maua, majani, nyota na mistari, nayo ndiyo njia iliyojaza misikiti ya dunia kwa uzuri. Hakika mkeka wa ukindu una nakshi nyingi kuliko chui yeyote.

Na mkeka ndio tunaoulilia. Ukindu waota kando ya mito yetu, na wanawake waliokuwa wakiusuka ukili, mkanda baada ya mkanda, na kuushona ukawa mkeka, wangali hai. Zamani walipata rangi kwa kuchemsha magome na mizizi na manjano ya jikoni. Leo hutumia unga wa dukani, nao si mbaya. Mkeka mmoja wa zambarau na kijani ukitandikwa katika chumba cheupe hukimaliza chumba. Lakini nyumba ngapi tumeingia tukakuta zulia la plastiki lililopasuka, makochi matatu makubwa yasiyopitisha mtu, na juu ya kila kochi kitambaa cha kufuma, na juu ya televisheni kitambaa, na juu ya friji kitambaa, na pazia zito la rangi ya damu ya mzee mahali ambapo upepo ungepita? Tusidhaniwe kuwa twavikebehi vitambaa vya kufuma. Ni kazi ya mikono ya binti zetu. Twasema vikiwa ishirini havionekani, vikiwa vitatu vyaonekana.

Kanuni tuliyoipata kwa mama mmoja mshonaji hapa Kilosa yatutosha: chumba na kiwe na rangi moja iliyo nyingi, rangi ya pili iliyo kidogo, na ya tatu kama chumvi. Yeye huchagua kanga kwanza, kisha huchukua rangi ya ukuta kutoka katika mji wa kanga, na rangi ya mito kutoka katika pindo. Hajapata kukosea, wala hajapata kusoma kitabu.

Basi kule Mikumi tulikaa siku mbili. Hatukumwambia kijana aufute wekundu wote, maana tulikumbuka neno lake juu ya ukuta. Binti alikwenda kulala kwa jirani. Kuta tatu tulizisugua kwa msasa wa maji mpaka mng'ao ukatoka, kwa kuwa rangi ya maji haishiki juu ya mng'ao wa mafuta, na chokaa haishiki kabisa. Kisha tukazipiga rangi ya maji, buluu hafifu sana. Ukuta wa nne, ule wenye dirisha, ambao jua haliupigi na ambao mlalaji huupa kisogo, ukabaki mwekundu pamoja na mstari wake mweupe. Chui alipelekwa sebuleni, akatazamana na mlango. Binti aliporudi alisimama kizingitini kitambo, kisha akaingia kwenye sanduku lake, akatoa kitambaa cha meza cha manjano na kijani, akakitandika chini ya ukuta ule mwekundu pasipo kusema neno. Mume alitazama. Sisi tukaaga, maana basi lilikuwa karibu.

Nyumbani kwetu ukumbi umekwisha kurudi kuwa mweupe. Bati za jiko la uani hatujazipata bado. Sakafu ni nyekundu vilevile, lakini kwenye ukingo wa daraja la kushukia uani tumepiga mstari mweupe, upana wa kiganja, nasi huupaka upya kila miezi miwili kwa kuwa miguu huufuta. Alfajiri, kabla ya adhana, twamsikia mama yetu akipita ukumbini na birika lake. Nyayo zake husimama kidogo pale penye mstari, kisha zikashuka.